Gari ya Biharusi Isinuke Petroli: Tulivyoipima Kabureta ya Morris Yetu

 

Wengi wenu mnaokuja dukani kupima magauni mmeiona ile gari nyeupe iliyoegeshwa chini ya mwembe, yenye taa za mviringo kama macho ya mtoto. Maswali yenu ni yale yale. Bei gani? Haizimiki njiani? Na gauni langu halitanuka petroli? La bei njooni tuzungumze ana kwa ana, maana linategemea mnatoka wapi na mnakwenda wapi. Hayo mawili mengine tutayajibu hapa, na tutayajibu kwa urefu, kwa sababu nusura gari hiyo iuzwe kwa ajili yake.

Sisi ni wawili, mtu na mdogo wake. Tumemaliza kidato cha nne hapa hapa Unguja, tukasoma ushonaji, tukaanza kazi na cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu. Sasa tunashona, tunakodisha magauni, tunapamba, na tunakodisha gari. Gari ni Morris Minor 1000 ya mwaka 1966, milango minne, injini ya cc 1,098. Aliiacha marehemu baba, Allah amrehemu. Kwa hiyo si mali yetu peke yetu. Iliingia katika mirathi, na kaka zetu wana mafungu yao ndani yake, makubwa kuliko yetu kama mnavyojua. Tulikubaliana mbele ya wazee kwamba sisi tuitumie kazini, kila mwezi tutoe fungu la kila mmoja, na siku itakapokuwa mzigo iuzwe, kila mtu achukue haki yake. Makubaliano yameandikwa na kutiwa saini. Ndiyo maana gari ikianza kusumbua, kwetu si suala la gari tu.

Basi mwezi wa Rajab ikaanza kusumbua. Asubuhi ilikuwa ikiwaka vizuri tu, lakini ikishapata moto inaunguruma kwa kusitasita, inatikisika ikisimama kwenye foleni ya Darajani, na nyuma inatoa moshi mweusi. Petroli ya kwenda Bububu na kurudi ikawa inaishia njiani. Na bei ya petroli mnaijua wenyewe, kila mwezi tunasubiri tangazo la ZURA kama tunavyosubiri mwezi kuandama. Kisha ikaja harusi moja ya Alkhamisi. Tulipomteremsha biharusi ukumbini, mama yake akatuvuta kando, akatwambia kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa: "Wanangu, gauni zuri, mapambo mazuri, lakini mtoto ananuka petroli. Udi wote tuliomfukiza tangu jana umekwenda bure." Biharusi mwenyewe alikuwa ameshika kichwa. Kwenye mkia wa gauni, pale ulipoburutika nyuma ya gari wakati tunamtoa, palikuwa na vumbi jeusi la masizi. Satini nyeupe na masizi, hapo hapana la kusema.

Tukampelekea fundi kijana, jina lake tunalihifadhi. Akafungua boneti, akaingiza spana chini ya kabureta, akazungusha nati moja kwenda juu, akasikiliza, akazungusha tena, akasikiliza, mpaka nati ikagota. Mlio haukubadilika hata chembe. Akajifuta mikono akasema: "Hii kabureta imekufa. Za namna hii hazipatikani tena. Nitawatafutia ya gari ya Kijapani, nitaifunga kwa bamba. Au uzeni, mabibi, mpumzike." Gharama aliyoitaja ilikuwa sawa na kukodisha magauni manane.

Habari ikawafikia kaka zetu kabla hatujafika nyumbani. Mmoja wao tayari alikuwa na mteja, mwenye hoteli ya pwani aliyetaka kuiweka gari mlangoni iwe pambo, yaani injini itolewe na maua yapandwe ndani. Tusimlaumu kaka, alikuwa anafuata yale yale tuliyoandikiana. Lakini tulikuwa tumeshapokea arbuni ya harusi ya Shaaban, siku 12 mbele, na biharusi yule alituchagua sisi kwa sababu ya gari hiyo. Tukawaomba kaka zetu watupe mpaka Ijumaa ya pili. Tuliwaambia neno moja tu: kitu hakihukumiwi kabla hakijapimwa, na alichofanya fundi yule hakikuwa kupima, kilikuwa kuzungusha.

Wanaoshona watatuelewa. Cherehani ikianza kuleta vifundo chini ya kitambaa, mwanafunzi anakimbilia kuzungusha kila skrubu anayoiona. Mwalimu wetu wa ushonaji alikuwa akitupiga vidole kwa rula kwa ajili hiyo. Unachukua kipande cha kitambaa kile kile, unaweka uzi wa rangi mbili, mmoja juu mwingine chini, unashona shibiri moja, unatazama. Uzi wa chini ukichungulia juu, uzi wa juu umekazwa mno. Uzi wa juu ukijikunja chini, umelegea. Hapo ndipo unajua skrubu ipi, na upande gani, na kiasi gani. Kitambaa kinasema chenyewe. Tukawa tunajiuliza, je, kabureta haina kipande chake cha kujaribia?

Inacho. Alitwambia fundi mmoja mzee wa Ng'ambo, ambaye baba alikuwa akimpelekea gari tangu sisi wadogo. Siku hizi hafanyi kazi, macho yamepungua nguvu. Tulimkuta barazani. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu. Bado mnayo Morris?" Tukamweleza. Akauliza swali moja: "Alipokuwa anazungusha nati, mlio ulibadilika?" Tukasema haukubadilika. Akacheka. "Basi haijafa. Iliyokufa huzima. Hiyo haikumsikia tu. Ileteni kesho asubuhi, injini ikiwa na moto, na mje na taulo na kioo kidogo cha wanja."

Kabla hatujaendelea, tueleze kwa ufupi kabureta hii inafanya nini, maana tulipoelewa sisi, hofu ilikwisha. Petroli haiungui vizuri peke yake, inataka hewa, na inataka kwa kipimo. Kwa uzito, gramu 1 ya petroli inataka takriban gramu 14.7 za hewa. Petroli ikizidi, haimalizi kuungua, inatoka masizi na harufu. Hewa ikizidi, injini inapata moto mno, inasita, inazima. Kabureta ya Morris hii inaitwa SU. Ndani yake kuna pistoni iliyovaa kofia ya alumini kama kengele, na chini ya pistoni imening'inia sindano. Ndiyo, sindano, nyembamba kuelekea ncha, inayoingia ndani ya kijitundu kinachoitwa jeti. Ukikanyaga mafuta, hewa inaongezeka, pistoni inanyanyuka, sindano inapanda pamoja nayo, na kwa kuwa ncha ni nyembamba, nafasi ya petroli kupita inaongezeka. Basi. Sindano na tundu. Tulipoyaona haya, tulitazamana tukacheka, maana tumeishi na sindano maisha yetu yote.

Na kuna la kufurahisha zaidi. SU ni kifupi cha Skinners' Union, na hao akina Skinner wa Uingereza walikuwa watoto wa familia ya biashara ya viatu. George Herbert Skinner alibuni kabureta yake mwaka 1904, na zile za mwanzo hazikuwa na pistoni ya chuma. Zilikuwa na mvukuto wa ngozi, kama ule wa mhunzi lakini mdogo. Inasimuliwa kwamba mwanawe alikuwa akikumbuka mama yake akiishona ile ngozi kwa mkono. Mkono wa mwanamke mshonaji umo tangu siku ya kwanza! Nasi tuliambiwa gareji si mahala petu.

Asubuhi ya pili tukafika. Tulizunguka kwanza mpaka Amani na kurudi, robo saa hivi, injini ipate moto sawasawa, kwa sababu injini baridi inadanganya. Mzee alikaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, mkono wa mmoja wetu ndio ukawa mkono wake na macho ya mwingine ndiyo yakawa macho yake. Tulivaa madera ya zamani na mitandio tumeifunga nyuma ya shingo isianguke kwenye feni. Hilo ni la lazima, mabibi, feni ya gari haijui mtandio.

Kwanza hakuturuhusu kugusa kabureta. Alituuliza plagi zina nafasi gani, pointi zimepimwa lini, vali zinagonga au hazigongi. Plagi tukazifungua: zote nne nyeusi, kavu, masizi kama chini ya sufuria ya kuni. Tukazisugua kwa brashi, tukazirudisha kwenye nafasi ya inchi 0.025, pointi inchi 0.015. Akatwambia mtu akipima mchanganyiko wa mafuta wakati cheche ni mbovu, atailaumu kabureta kwa dhambi ya mwenzake. Chujio la hewa tukalitikisa, likatoa vumbi la Fuoni lote. Chujio likiziba nalo linafanya mafuta yazidi, kwa hiyo tukaweka jipya ili tusije tukahukumu kimakosa.

Kisha akataka kusikia pistoni. Injini imezimwa. Tukafungua kile kijikofia cha juu chenye kijiti, ndani mna oili kidogo. Kijiti kikiwa nje, unainyanyua pistoni kwa kidole mpaka juu, unaiachia. Lazima ianguke yenyewe na isikike "tak", chuma kwa chuma. Ikianguka polepole au ikikwama, kuna uchafu, au sindano inagusa ukuta wa jeti. Yetu ilisema "tak". Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Oili tuliirudishia mpaka nusu inchi juu ya kile kijibomba cha katikati, oili ya kawaida ya injini, nyepesi. Wengi huisahau hiyo, na gari isiyo na oili pale inasita kila ukikanyaga mafuta ghafla, halafu watu wanazungusha nati bure.

Ndipo akasema: "Sasa vuteni choki."

Choki ya SU haizibi hewa kama ya kabureta nyingine. Ukivuta kitufe cha dashibodi, kebo inaivuta jeti nzima kwenda chini, inaikimbia sindano, tundu linakuwa kubwa, petroli inaongezeka kwa ajili ya kuwashia asubuhi. Ukikisukuma, jeti inatakiwa ipande mpaka igote kwenye ile nati. Nati ndiyo kituo chake. Tukavuta, tukasukuma, na mmoja wetu akalala juu ya taulo akaingiza kile kioo cha wanja chini ya kabureta.

Jeti haikugota. Palikuwa na nafasi kati ya kichwa cha jeti na nati, unene wa vitambaa viwili vya denimu. Kebo ilikuwa imekazwa mno kwenye skrubu yake, na ndani ya ganda lake ilikuwa imeota kutu ya chumvi ya bahari, tunavyokaa kisiwani. Kwa hiyo muda wote gari ilikuwa inatembea kana kwamba choki imevutwa, mchana kweupe, joto la Zanzibar, petroli inamiminika. Na ndiyo maana fundi kijana alipozungusha nati juu hakupata jibu. Alikuwa anapandisha kituo ambacho jeti haikifikii. Ni sawa na kukaza skrubu ya bobini wakati uzi haumo ndani.

Mzee akasema tuwashe injini, kisha mmoja wetu aisukume jeti juu kwa kidole, taratibu. Mlio ukabadilika papo hapo! Kutikisika kukapungua, ukawa laini kwa muda mfupi mno, halafu kidole kilipofika juu kabisa injini ikakohoa ikazima. Tukashtuka. Yeye hakushtuka. Nati imepandishwa mpaka mwisho, alitwambia, na jeti ikiifuata huko juu, petroli inakuwa haba mno. Kabureta sasa ilikuwa inasikia kila tunachoiambia.

Kebo tukaitoa, tukaisafisha, tukaipaka grisi, tukaifunga upya. Hapa kuna kipimo: kitufe kinatakiwa kivutike kidogo bure, kama milimita 1.6, kabla kebo haijaanza kuvuta jeti. Bila nafasi hiyo, jeti haiwezi kupumzika kwenye nati. Milimita moja na nusu! Katika gauni ni unene wa piping, hakuna anayeiona.

Sasa ndiyo kipimo chenyewe, na hiki ndicho tunachotaka mkijue, kwa sababu hakitaki mashine. Nati ina pande sita. Tukaipandisha mpaka mwisho, kisha tukaishusha pande 12, yaani mizunguko miwili kamili. Huko ndiko kwa kuanzia. Ukishusha nati petroli inaongezeka, ukipandisha inapungua. Injini ikawashwa, ikaachwa iungurume yenyewe bila kukanyagwa, ile mafundi wanayoiita sailensa. Ubavuni mwa kabureta, chini ya ile kengele, kuna kijipini kidogo chenye springi. Ukikisukuma juu, mwanzo hakigusi kitu, kisha unakisikia kimeigusa pistoni. Kuanzia hapo unainyanyua pistoni kiasi kidogo mno, milimita 0.8 tu, inchi moja ukiigawa mara 32. Ukinyanyua hivyo unaongeza hewa kidogo, halafu unasikiliza injini inasemaje.

Ikipandisha mbio na kubaki huko juu, petroli imezidi. Imefurahi kupata hewa. Ikishuka na kutaka kuzima, petroli ni haba. Hewa ile kidogo imeimaliza. Ikipanda kidogo tu kwa kitambo kifupi kisha ikarudi palepale, ipo sawa.

Mara ya kwanza ikapanda, ikabaki. Upande mmoja juu. Tukasukuma pini, ikapanda, ikabaki. Upande mmoja tena. Mzee alitukataza kuzungusha pande mbili kwa mara moja, na alikuwa akihesabu kwa sauti kama anayehesabu tasbihi. Kila dakika tatu hivi alitwambia tukanyage mafuta nusu dakika, kusafisha petroli iliyokusanyika ndani, maana injini ikikaa sailensa kwa muda mrefu mlio wake haupo tena wa kuaminika. Upande wa tatu juu. Tukasukuma pini: ikapanda kidogo, kama mtu aliyestuliwa usingizini, ikarudi. Mdogo mtu akasema, "Hapo." Mzee akasema, "Endeleeni upande mmoja, mjue mpaka wake." Tukaendelea, tukasukuma pini, injini ikazima. Tukarudi upande mmoja chini. Hapo.

Halafu akatupeleka nyuma, kwenye bomba la moshi, kusikiliza tena. Petroli ikizidi, gari inamisi kwa mpangilio, dup, dup, dup, na moshi mweusi. Petroli ikiwa haba, inamisi ovyo ovyo, kama maji yanayorushwa, na moshi hauna rangi. Yetu ilikuwa inapuliza sawasawa. Tukaweka kipande cha satini nyeupe cha inchi chache mbele ya bomba, kwa mbali, tukahesabu mpaka 60. Hili halimo katika kitabu chochote, tumelibuni sisi. Kikatoka na unyevu kidogo, bila masizi. Kipande hicho tulikwenda nacho kwa kaka zetu Ijumaa ile, pamoja na hesabu ya gharama: chujio, grisi, na zawadi ya mzee, ambaye alikataa pesa akakubali kanzu. Kaka mkubwa alikigeuza kile kitambaa mara mbili tatu, akaomba aendeshe mwenyewe mpaka Mbweni. Aliporudi alisema mwenye hoteli atafute pambo jingine, ila sharti la mafungu ya kila mwezi linabaki pale pale. Tukasema linabaki.

Harusi ya Shaaban ilikwenda. Biharusi alikaa nyuma na somo wake kutoka Kiembesamaki mpaka ukumbini, foleni ya Michenzani ikatushika kama kawaida yake, gari ikaunguruma bila kusita. Akateremka ananuka udi na asumini.

Turudi kwa yule wa kwanza aliyeshika kichwa, maana lile halikuwa jambo la harufu tu. Petroli inapozidi, moshi unakuwa na gesi nyingi ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, mnachonusa ni vitu vingine vilivyo pamoja nayo. Inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Huanza na kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, na ikiwa nyingi inaua. Gari ya zamani ikiwa na tundu sakafuni au bomba la moshi limepasuka, na sisi maharusi tunafunga vioo nywele na shela zisiharibike, basi mnaelewa. Tangu hapo vioo vya mbele vya gari yetu vinafunguliwa nusu, shela tunaibana kwa pini za ziada, na anayelalamika tunamweleza sababu. Na kipimo cha kabureta tunakifanyia uwanjani, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa wala chini ya nyumba.

Ukikodi gari ya zamani kwetu au kwa mwingine yeyote, usiione haya kumuuliza mwenyewe mambo matatu siku ya kwenda kuitazama, tena mbele yake. Mwambie aiwashe, aiache ipate moto, akae nayo dakika tano ikiwa imesimama. Simama nyuma, tazama moshi. Kisha kaa kiti cha nyuma na vioo vimefungwa dakika moja, unuse. Ikiwa kichwa kinauma kabla hata ya harusi, chukua arbuni yako. Na muulize choki iko wapi na inarudi vipi. Akikutazama kama umezungumza Kichina, hiyo nayo ni jawabu.

Kwa wale wanaotuuliza kama bado tunaizungusha nati: hapana. Tumeipaka alama ya rangi ya kucha, nyekundu, tujue ikiguswa. Kila Jumatano, kabla ya harusi za Alkhamisi, mmoja anavuta choki na kuirudisha, mwingine anatazama kwa kioo cha wanja kama jeti imegota, tunasukuma pini mara moja, tunasikiliza, tunaongeza oili ikipungua. Dakika kumi zinatosha. Juzi tulifungua plagi, baada ya harusi sita na safari moja ya Nungwi. Zote nne zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.